Vyandarua vitatu, malazi matatu: kipi kitundikwe wapi?

Mdogo wangu anakaa Geita. Juzi Jumamosi alinitumia picha tatu WhatsApp, zikafuatiwa na sauti: "Shikamoo kaka. Nimefua vyandarua vyote leo, nataka nivitundike upya. Hiki nilipewa kliniki, hiki kijana alikuja nacho kutoka shule, hiki cha duara tulinunua wenyewe dukani, na bei yake haikuwa ndogo. Sasa kipi kiende kitanda gani?"

Swali lake ni zuri kuliko anavyodhani. Wengi wetu huchagua chandarua kwa rangi au kwa umbo, au hatuchagui kabisa: kilichotangulia kukauka ndicho kinachotangulia kutundikwa. Nikamwambia aachane na rangi, ageuze pindo la chini, atafute kitambaa kidogo cha lebo kilichoshonewa pale, akipige picha kwa karibu. Herufi za lebo ni ndogo kama za karatasi inayokunjwa ndani ya boksi la vidonge, lakini habari yote iko pale.

Cha kliniki kiliandikwa permethrin, na mbele yake herufi tatu: PBO. Cha shule kiliandikwa alpha-cypermethrin na neno refu la pili, chlorfenapyr. Kile cha duara, chenye lesi na kibandiko cha dhahabu, kilikuwa na ukubwa, aina ya nyuzi na nchi kilikotengenezwa. Dawa, hakuna. Cha bei kubwa kuliko vyote ndicho kilichokuwa kitambaa kitupu.

Jibu fupi nililompa ni hili: cha shule kwanza, cha kliniki pili, cha duara mwisho kabisa. Lakini jibu fupi lilimzalia maswali mengine sita, ndipo nikaona niandike.

Dawa ya zamani na mbu wa leo

Dawa iliyozoeleka kwenye vyandarua ina undugu na pareto, lile ua jeupe linalolimwa nyanda za juu za Iringa na huko Nakuru. Wanakemia waliiga sumu ya ua hilo, wakaifanya istahimili mwanga na joto, ikazaa ukoo mzima unaoitwa pairethroidi: permethrini, deltamethrini, alfa-saipamethrini na ndugu zao. Zinashika mishipa ya fahamu ya mbu, anaanguka papo hapo. Kwa binadamu, kiasi kinachowekwa kwenye neti kimepimwa na kuonekana salama hata kwa mtoto mchanga. Kwa miaka mingi ukoo huo ndio pekee uliokubalika kwenye vyandarua.

Na ulifanya kazi. Kwenye jaribio la Kilifi, pwani ya Kenya, la 1993 hadi 1995, vyandarua vyenye dawa vilipunguza vifo vya watoto wadogo kwa asilimia 33. Kilombero na Ulanga kulikuwa na vile vya chapa ya Zuia Mbu, enzi za kununua dawa kwenye pakiti na kuchovya neti kwenye beseni. Hesabu iliyochapishwa 2015 katika jarida la Nature ilikadiria kwamba tangu mwaka 2000 hatua za kupambana na malaria barani Afrika zilikuwa zimezuia wagonjwa milioni 663, na asilimia 68 ya hao ni kazi ya vyandarua. Kwa hiyo anayekwambia neti za dawa hazijawahi kusaidia kitu, msikilize kwa heshima halafu endelea na shughuli zako.

Tatizo ni kwamba mbu naye hakukaa kimya. Kipimo cha usugu ni rahisi kuelezea: unaweka mbu jike ndani ya mrija wenye karatasi iliyopakwa dawa, unawaacha humo saa moja, unawahamishia mrija safi, kesho yake unahesabu mizoga. Wakifa chini ya asilimia 90, Shirika la Afya Duniani linasema hao ni mbu sugu. Kanda ya Ziwa, mbu aina ya funestus, anayependa kuingia ndani na kuuma usiku wa manane, anakaa saa nzima na ile karatasi ya pairethroidi na wengi wao wanaondoka wazima. Siri yao kubwa ni vimeng'enya: mwilini mwa mbu sugu vimo kwa wingi, na vinaivunjavunja dawa kabla haijafika inakokwenda.

Aina mpya za vyandarua zinatofautiana hapo hasa, kwa namna kila moja inavyoshughulika na hivyo vimeng'enya.

PBO: kumfunga mbu mikono

PBO peke yake si dawa ya kuua mbu. Kazi yake ni kuzuia vile vimeng'enya, ili pairethroidi ipite. Chandarua cha chapa ya Olyset Plus kina permethrini na PBO kwenye uzi wote. Kingine, PermaNet 3.0, kina deltamethrini, lakini PBO imewekwa kwenye paa tu.

Kuweka paani tu kunaonekana kama kubana matumizi, na huenda hilo nalo limo. Ila kuna sababu ya kifizikia. Mtu aliyelala anapasha hewa joto, hewa ya moto inapanda, na harufu ya mwili inapanda nayo. Watafiti wa Liverpool waliowafuatilia mbu gizani kwa kamera za mwanga usioonekana, walikuta sehemu kubwa ya purukushani za mbu iko juu ya paa la chandarua, usawa wa kifua cha aliyelala. Kwa hiyo ukikagua chandarua chako, anza na paa. Tundu la paani ni hatari kuliko tundu la chini linalofunikwa na godoro.

Jaribio kubwa lililoipa PBO jina lilifanyika Muleba, mkoani Kagera. Mwaka wa kwanza tofauti na neti za kawaida ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitoa ruhusa ya awali, hata kabla matokeo kamili hayajachapishwa kwenye jarida la tiba la The Lancet mwaka uliofuata. Uganda nao walizijaribu kwa ukubwa, katika wilaya 48, wakaona faida.

Udhaifu wake ni wa aina mbili. PBO inapungua kadiri chandarua kinavyofuliwa na kuzeeka. Na kuna mbu ambao usugu wao hautokani na vimeng'enya: jeni imebadilisha mlango wenyewe ambao pairethroidi huushika kwenye neva. Kwa mbu huyo, kumfunga mikono hakusaidii sana.

Klorfenapiri: kumwachia mbu ajipikie sumu

Hii ndiyo ninayoipenda, nakiri, kwa sababu ya ujanja wake.

Klorfenapiri, lile neno refu la pili kwenye lebo ya cha shule, haikutengenezwa kwa ajili ya malaria. Ilianzia mashambani na kwenye kuua mchwa. Inapoingia mwilini mwa mbu bado si sumu kali. Vile vimeng'enya vya usugu vinaikamata, vinaanza kuivunja kama vilivyozoea, na katika kuivunja ndipo vinapoigeuza kuwa sumu kamili. Sumu hiyo haiendi kwenye neva. Inaingia kwenye mitokondria, yale majiko madogo ya seli yanayotengeneza nguvu, na kuyafanya yawake bila kuivisha chochote. Mbu anaishiwa nguvu, anakufa. Kile kilichomsaidia dhidi ya pairethroidi ndicho kinachommaliza hapa. Ndiyo maana pia si busara kuchanganya PBO na klorfenapiri kwenye neti moja: ya kwanza inawazuia wapishi ambao ya pili inawahitaji.

Ina tabia moja inayowakwaza watumiaji. Haiangushi mbu papo hapo. Inaweza kuchukua hadi siku tatu. Mtu aliyezoea kufagia mizoga ya mbu asubuhi akitundika chandarua hiki atasema hakina kitu. Mdogo wangu alisema hivyohivyo: "Hiki cha shule mbona mbu wanatua halafu wanaruka zao?" Wanaruka, ndiyo, na wengi hawafiki Jumanne.

Kinachojulikana zaidi katika aina hii ni Interceptor G2, cha poliesta, chenye alfa-saipamethrini na klorfenapiri. Baadaye kimefuata PermaNet Dual. Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuvigawa kwa wingi.

Piriproksifeni, kwa kifupi

Aina ya nne, kama Royal Guard, ina dawa inayomfanya mbu jike asizae badala ya kumuua. Wazo zuri, lakini matokeo yake yamepwaya, na uwezekano wa kukutana nacho ni mdogo. Ukikipata, kichukulie kama neti ya kawaida yenye nyongeza.

Misungwi

Sasa tuje kwenye ushahidi wenyewe, na kwa bahati ushahidi mzuri kuliko wote duniani ulitoka mkoa wa Mwanza, jirani na anapokaa mdogo wangu. Taasisi ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR Mwanza, pamoja na chuo cha tiba cha KCMUCo cha Moshi na wenzao wa London, waliigawa wilaya ya Misungwi katika makundi 84 ya vitongoji. Kura ikapigwa. Januari 2019 kila kundi likapata aina moja kati ya nne: Interceptor ya kawaida yenye pairethroidi tu, Olyset Plus, Royal Guard au Interceptor G2. Matokeo yalichapishwa 2022 kwenye The Lancet, mwandishi wa kwanza akiwa Jacklin Mosha wa NIMR.

Baada ya miezi 24 waliwapima watoto wa miezi 6 hadi miaka 14. Waliokutwa na vimelea walikuwa hivi:

| Aina ya chandarua | Waliopimwa | Wenye vimelea | Asilimia |
|---|---|---|---|
| Pairethroidi tu | 1,199 | 549 | 45.8 |
| Pairethroidi na PBO | 1,259 | 512 | 40.7 |
| Pairethroidi na piriproksifeni | 1,258 | 472 | 37.5 |
| Pairethroidi na klorfenapiri | 1,272 | 326 | 25.6 |

Soma safu ya mwisho polepole. Karibu mtoto mmoja kati ya wawili kwenye neti za kawaida, mmoja kati ya wanne kwenye klorfenapiri. Namba za PBO na piriproksifeni zinaonekana nafuu kidogo, ila kitakwimu tofauti yao na neti ya kawaida haikuweza kutenganishwa na bahati tu. Mwaka wa kwanza PBO ilikuwa imefanya vizuri, kama Muleba. Mwaka wa pili ikafifia. Na ukihesabu watoto waliougua kabisa malaria katika miaka yote miwili, klorfenapiri ilipunguza kwa asilimia 44.

Utafiti mmoja hautoshi kumhamisha mtu, hata ukiwa wa nyumbani. Wakarudia Benin, upande wa pili wa bara, kwa mbu wa aina nyingine. Matokeo yaliyotoka 2023: upungufu wa asilimia 46. Machi mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likatoa pendekezo lenye uzito kamili la kutumia neti za klorfenapiri badala ya za pairethroidi tu pale ambapo mbu ni sugu. Kuzitumia badala ya PBO, pendekezo lilikuwa la masharti, na piriproksifeni haikupewa nafasi mbele ya PBO.

Jambo ambalo jedwali halisemi

Kuna mambo mawili nisingependa yapite.

La kwanza, Misungwi kitongoji kizima kililala kwenye aina moja. Neti yenye dawa inayoua mbu inamlinda hata jirani asiye nayo, kwa kuwa mbu anayekufa kwako hafiki kwake. Chandarua kimoja cha klorfenapiri ndani ya nyumba moja hakiwezi kuleta namba zile peke yake. Kitamlinda anayelala ndani, na hiyo si haba, ila usimwambie mtu kwamba atapata nusu ya malaria kwa neti moja.

La pili ni kitambaa. Kwenye boksi kunaandikwa miaka mitatu na kufuliwa mara ishirini. Waliofuatilia neti za Misungwi walikuta zinachakaa na kutupwa kabla ya hapo, aina zote. Ukizishika mkononi utaona tofauti: Olyset Plus ni ya poliethilini, uzi mgumu kidogo, matundu yake makubwa, inapitisha hewa vizuri lakini ikinasa kwenye ncha ya kitanda cha chuma inafunguka. Interceptor G2 ni ya poliesta, laini kama shuka jepesi, na dawa imepakwa juu ya uzi badala ya kuchanganywa ndani yake. Hiyo ya pili ukiifua kwa sabuni kali ya unga na kuisugua kama suruali ya jinzi, unaiondolea kile ulichoifuatia. Sabuni ya mche au ya kipande, maji ya kawaida, usiisugue, kisha ianikwe kivulini. Mdogo wangu alikuwa ameanika vyote vitatu juani, kutwa nzima.

Kwa hiyo kati ya klorfenapiri yenye paa lililoraruka mahali pa kupitisha ngumi, na PBO mpya isiyo na tundu? Mimi ningetundika PBO, huku nikishona ile nyingine kwa sindano na uzi jioni hiyohiyo. Kushona kunachukua dakika kumi.

Bei, kwa wanaonunua

Wanaogawa kwa mamilioni ndio wanaopiga hesabu hizi hasa. Wakati wa utafiti wa Misungwi neti ya kawaida ilikuwa dola 2 na senti kidogo, ya PBO na ya klorfenapiri zote karibu dola 3, ya piriproksifeni zaidi ya hapo. Tofauti ya dola moja inarudi haraka ukilinganisha na gharama ya kumtibu mtoto na siku za mama kukaa naye wodini.

Kwa mtu wa kawaida hali ni tofauti. Dukani na minadani, utakavyovikuta kwa urahisi ni vile vya kitambaa kitupu au vya pairethroidi. Vya mchanganyiko hupita zaidi kliniki, shuleni na kwenye kampeni za kugawa. Hapa ndipo dharau ya "cha bure" inapotugharimu. Nimewahi kuona, kwenye nyumba ya watu wenye uwezo wao, Interceptor G2 ikiwa imefunika vifaranga uani, na ndani watoto wamelala chini ya neti ya duara yenye maua. Nilinyamaza, nilikuwa mgeni. Bado inanikera.

Ukilazimika kununua, muulize muuzaji kama ina dawa na uone lebo kabla ya kutoa hela. Akikujibu "zote sawa tu", hajui anachouza. Neti isiyo na dawa inasaidia kidogo ikiwa nzima na ikichomekwa vizuri, ila goti likiigusa mbu anauma kutokea nje, na tundu moja linatosha kumkaribisha.

Nani alale wapi

Nilikuwa nimemwambia cha shule kwanza. Kwanza kwa nani? Yeye alikuwa ameshaamua: kwa mtoto mdogo, anayelala naye kitanda kimoja. Desturi yetu ndiyo hiyo, na kwa mtoto wa chini ya miaka mitano au mama mjamzito sina ubishi, kwa sababu malaria kwao inageuka kali haraka.

Nikamuuliza, kijana wa darasa la nne analala wapi? Sebuleni, kwenye mkeka, bila chandarua. Watoto wa umri wa shule ndio wanaobeba vimelea kwa wingi bila kuumwa sana, ndio wenye kulala chini ya neti mara chache kuliko wote, na mbu akimnyonya huyo ndiye anayepeleka vimelea chumbani kwa mdogo wake. Tena chandarua kizuri kuliko vyote kililetwa nyumbani na yeye mwenyewe.

Tukapanga upya. Klorfenapiri ikabaki kwa mama na mtoto. PBO, iliyokuwa na mwaka mmoja na tundu mbili ndogo, ikashonwa, ikaenda sebuleni. Ile ya duara ikaenda kitanda cha mume wake, aliyegoma kidogo kwa sababu ndiye aliyetoa hela yake. Nikamwambia kampeni ijayo wajiandikishe kwa idadi kamili ya wanaolala, wasijipunguze, na ile ya duara ipumzike.

Kukabaki tatizo ambalo hakuna utafiti niliousoma unaolijibu. Sebuleni hakuna kitanda, na juu ya mkeka hakuna pa kufungia: upande mmoja dirisha lenye nondo, upande mwingine kabati la vyombo, na asubuhi chandarua lazima kitoke maana watu wanapita. Saa mbili usiku akanitumia picha. Kamba mbili kwenye nondo, moja kwenye msumari wa saa ya ukutani, ya nne imefungwa kwenye mguu wa meza iliyosimamishwa kwa ubavu. Kijana yumo ndani, anacheka, pindo limechomekwa chini ya mkeka pande zote.

"Saa tumeitoa," akaandika. "Itakaa jikoni."